Wakili wa Walioumia: Kesi za Wakenya Zilizofika London



Katika mikutano ya vikundi, kila tunapogusa habari ya fidia, kuna swali moja ambalo halikosi kuzuka: "Hawa mawakili wanaofuata watu walioumia, wanatafuta haki au wanatafuta pesa?" Anayeuliza hakosei. Sote tumeona kijana aliyegongwa na matatu, hata plasta haijakauka mguuni, na tayari kuna mtu amekaa kando ya kitanda na fomu ya kutiwa kidole gumba. Mtu wa namna hiyo huharibu jina la kazi nzima. Mara nyingi si wakili hata kidogo. Ni broka tu.

Lakini ipo kazi ya kweli ya wakili wa madhara ya mwili, na tukiielewa vizuri tutajua kumtofautisha mmoja na mwingine. Badala ya kueleza kwa maneno matupu, nimeona tufuate kazi ya mtu mmoja ambaye kesi zake zilifika mpaka huku kwetu, Dol Dol, Archers Post, Murang'a na Mwea. Huyo ni Mwingereza, anaitwa Martyn Day.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Mtu akikuumiza kuna njia mbili za sheria. Ya kwanza ni ya jinai: polisi wanakamata, Serikali inashtaki, na mkosaji akipatikana na hatia anafungwa au anapigwa faini. Hiyo faini kwa kawaida huenda Serikalini, wewe uliyevunjika mguu huioni. Njia ya pili ni ya madai. Hapo ni wewe mwenyewe unayemshtaki aliyekuumiza, ukitaka akulipe kwa yale uliyopoteza: gharama za hospitali, mshahara, nguvu za mkono wako, na maumivu yenyewe. Wakili wa madhara ya mwili anafanya kazi katika njia hii ya pili.

Naye hawezi kushinda kwa kulia mbele ya hakimu. Inampasa aonyeshe mambo manne. Chukua mfano wa mwenye kwari. Je, alikuwa na wajibu wa kumlinda mchimba mawe? Je, alizembea, labda kwa kulipua baruti bila kupuliza filimbi? Je, ni uzembe huo uliomvunja mchimba mawe mguu, au aliumia kwingine, kwa mfano akicheza mpira Jumapili? Na mwisho, hasara ni kiasi gani, kwa hesabu? Kesi nyingi zinaangukia kwenye lile swali la tatu, la kuunganisha kosa na jeraha. Kumbukeni hilo, kwa maana litarudi mara kwa mara katika habari hii.

Martyn Day na wakili mama mmoja, Sarah Leigh, walianzisha ofisi yao London mwaka wa 1987. Wote wawili walikuwa wamefanya kazi katika ofisi ya Bindmans, iliyojulikana kwa kutetea haki za raia. Sarah Leigh alikuwa mtaalamu wa kesi za wagonjwa walioumizwa na makosa ya matibabu. Day naye alivutiwa na mambo ya mazingira, na kwa muda alikuwa katika uongozi wa Greenpeace huko Uingereza. Ofisi yao, inayoitwa Leigh Day, ilichagua upande mmoja tu: kumtetea aliyeumia, na siyo kampuni ya bima wala mwenye kiwanda. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Makampuni ya bima hulipa mawakili wao vizuri na kwa wakati, ushinde usishinde. Aliyeumia mara nyingi hana kitu.

Tena si kwamba alikuwa akishinda kila mara. Katika miaka ya mwanzo aliwatetea watoto na jamaa za wafanyakazi wa kiwanda cha nyuklia cha Sellafield, kaskazini mwa Uingereza. Hoja ilikuwa kwamba miale iliyowapata akina baba kazini ndiyo iliyoleta saratani ya damu kwa watoto wao. Kesi ilichukua miezi mingi mahakamani, wataalamu wakavutana, na mwaka wa 1993 jaji akasema haikuthibitishwa kwamba miale ndiyo iliyoleta ugonjwa. Waliougua walikuwa wameugua kweli. Kiwanda kilikuwepo kweli. Kilichokosekana ni kile kiungo cha katikati.

Baadaye akawa wakili wa wazee wa Kiingereza waliokuwa wafungwa wa Wajapani wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mahakama ya Tokyo iliwakatalia mwaka wa 1998. Lakini kelele zilizopigwa na kesi hiyo hazikupotea bure, kwa sababu Novemba 2000 Serikali ya Uingereza yenyewe iliamua kumlipa kila mmoja aliyekuwa hai pauni 10,000. Nawaambia haya ili muone tabia ya kazi hii. Unaweza kushindwa mahakamani na bado jambo likasogea kwa mlango mwingine, hasa kama walioumia wako pamoja na wanasema kwa sauti moja.

Mwaka huo huo wa 2000, kesi nyingine iliwafungulia mlango watu wa Afrika. Maelfu ya Waafrika Kusini waliougua kwa vumbi la asbesto walitaka kuishtaki kampuni ya Cape huko huko Uingereza ilikosajiliwa. Kampuni ikasema hapana, nendeni mkashtaki kwenu. Baraza la Malordi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, lilisema wana haki ya kusikilizwa London, kwa sababu kwao hawangepata pesa na mawakili wa kuendesha kesi nzito namna ile. Ofisi ya Leigh Day ilikuwa mojawapo ya zilizowatetea.

Sasa tuje kwetu.

Jeshi la Uingereza limefanya mazoezi katika sehemu za Laikipia na Samburu tangu kabla ya Uhuru. Uwanja wa Archers Post na ule wa Dol Dol haukuwa na watu wengi kwa macho ya mgeni, lakini ninyi mnaofuga mnajua hakuna pori lisilo na mwenyewe. Mvua ikinyesha majani huota, na mahali penye majani ng'ombe na mbuzi watafika, na nyuma yao mtoto wa miaka minane mwenye fimbo. Baada ya mazoezi, makombora ambayo hayakulipuka yalibaki chini. Mtoto anaona chuma kinang'aa, anaokota. Wengine walikufa pale pale. Wengine wamebaki bila mikono au bila macho.

Kwa miaka mingi mambo yalikuwa yakiishia hapo. Mtoto anazikwa au anapelekwa hospitali, chifu anaambiwa, basi. Kila jamaa ilibeba msiba wake kama ajali ya nyumba moja. Kilichobadilisha mambo, kwa maoni yangu, si wakili. Ni kikundi. Shirika la wenyeji wa huko Laikipia, OSILIGI, lilianza kukusanya habari za walioumia: nani, wapi, lini, alitibiwa hospitali gani, nani aliona. Yalipowekwa pamoja yakaonekana ni mamia ya ajali zinazofanana, katika viwanja vile vile. Hapo ndipo wakili wa London alipata kitu cha kushika.

Swali gumu lilikuwa lile la tatu. Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilisema viwanja hivyo vilitumiwa pia na majeshi mengine, hata letu la Kenya. Bomu lililomkata mtoto mkono lilikuwa la nani? Kitu kikishalipuka hakiachi jina. Ilibidi ushahidi ukusanywe kwa kila mtu, tarehe ya ajali ilinganishwe na mazoezi, kadi za hospitali zitafutwe, mashahidi wahojiwe. Mwezi wa Julai 2002 Wizara ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 220, bila kesi kusikilizwa mpaka mwisho. Malipo hayakuwa sawa kwa wote. Aliyepoteza macho mawili hawezi kulipwa sawa na aliyekatika kidole, na hili ni jambo ambalo vikundi vingi hawalipendi. Katika chama chetu cha kuweka akiba tumezoea kugawana sawa. Fidia haigawanywi hivyo, hupimwa kwa jeraha la kila mtu.

Habari za Dol Dol zilienea, na wazee waliokuwa Mau Mau wakamtafuta wakili huyo huyo. Kesi yao ilikuwa ngumu mara kumi. Mateso katika kambi za kizuizini yalitokea miaka ya 1950. Mashahidi wengi walikuwa wamekufa. Tena wengi wenu mnakumbuka kwamba Mau Mau kilibaki chama kilichopigwa marufuku na sheria ya Kenya mpaka mwaka wa 2003. Miaka 40 baada ya Uhuru, mzee hakuruhusiwa hata kuunda chama halali cha wenzake waliokuwa kambini. Watu husema, "Kwa nini walingoja sana?" Sehemu ya jibu ni hiyo.

Kazi ya kutayarisha ilichukua miaka. Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ile isiyo ya Serikali inayoitwa KHRC, ilifanya kazi pamoja na chama cha wazee wa Mau Mau na mawakili wa pande zote mbili, Nairobi na London. Walikuwepo pia wanahistoria. Mwaka wa 2005 vilikuwa vimetoka vitabu viwili vikubwa juu ya Hali ya Hatari, kimoja cha Caroline Elkins na kingine cha David Anderson, na wote wawili walikuja kutoa ushahidi wao katika kesi. Mwezi wa Juni 2009 wazee watano walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya London: Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi, Jane Muthoni Mara na Susan Ngondi. Walikuwa watano kwa niaba ya maelfu. Mambo waliyoyaeleza katika hati zao za kiapo, ya kuhasiwa, ya kupigwa, ya kudhalilishwa kwa wanawake, siyo ya kuandikwa kwa undani katika gazeti ambalo watoto husoma. Nitasema tu kwamba Mzee Wambugu alikaa kizuizini karibu miaka 9, na alikuwa Hola siku ile ya tarehe 3 Machi 1959 watu 11 walipopigwa mpaka kufa. Yeye aliachwa akiwa amezimia.

Serikali ya Uingereza haikusema kwamba mateso hayakutokea. Ilisema kitu kingine. Kwanza ilisema deni hilo lilihamia kwa Serikali ya Kenya wakati wa Uhuru, mwaka wa 1963. Ebu fikirini: yaani mzee aliyepigwa na mkoloni aende kudai kwa Serikali aliyoipigania! Jaji McCombe aliikataa hoja hiyo mwezi wa Julai 2011, akasema wazee wana kesi ya kujibiwa. Ndipo ikaletwa hoja ya pili, ya muda. Sheria ya Uingereza, kama ya Kenya, inampa aliyeumia mwilini miaka 3 ya kufungua kesi. Hapa ilikuwa imepita zaidi ya miaka 50.

Sheria yao ina mlango mdogo: jaji anaweza kuruhusu kesi iliyochelewa iendelee kama bado inawezekana kusikilizwa kwa haki kwa pande zote mbili. Na hapa ndipo karatasi zilipookoa watu. Kesi ikiendelea, mwaka wa 2011, Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa na mafaili ya siri yaliyosafirishwa kutoka Kenya wakati wa Uhuru, yamefichwa mahali panapoitwa Hanslope Park. Ya Kenya peke yake yalikuwa karibu 1,500. Ndani yake kulikuwa na barua za maafisa wenyewe juu ya yaliyokuwa yakifanyika kambini. Tarehe 5 Oktoba 2012 jaji alisema maandishi yaliyopo ni mengi kiasi kwamba kesi inaweza kusikilizwa kwa haki. Mkoloni aliandika kila kitu, na maandishi yake ndiyo yaliyomshtaki. Kufikia siku hiyo, Susan Ngondi alikuwa amekwisha kufariki.

Tarehe 6 Juni 2013, Waziri William Hague alisimama Bungeni London akasema Serikali yake inatambua kwamba Wakenya waliteswa, na inajuta. Zilitolewa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Tuzifungue hizo hesabu, kwa sababu watu walinung'unika sana. Takriban pauni milioni 6 zilikuwa gharama za kesi. Zilizobaki, karibu milioni 13.9, ziligawanywa, na kila mmoja akapata kama pauni 2,600, ambazo wakati huo zilikuwa karibu shilingi 340,000. Je, hizo ni pesa za kutosha kwa mtu aliyehasiwa? Hapana, na sidhani kuna aliyedai zinatosha. Mwaka wa 2015 mnara wa ukumbusho, uliolipiwa na Serikali ya Uingereza, ulifunguliwa Uhuru Park, Nairobi. Wazee wengi waliokuwa pale walisema jambo la kukubaliwa hadharani kwamba waliteswa lilikuwa kubwa kwao kuliko zile hundi. Mimi nawaamini, ingawa najua pia kwamba mzee anahitaji mabati.

Sasa kuna upande ambao hausimuliwi sana. Baada ya malipo hayo, Wakenya wengine zaidi ya 40,000 walikuwa katika kesi ya namna ile ile London, wakitetewa na ofisi nyingine, siyo ya Day. Kesi ilisikilizwa kwa miaka. Mwaka wa 2018 ilianguka. Jaji aliona kwamba kwa mambo yao binafsi, yaliyotokea zaidi ya nusu karne nyuma na bila maandishi ya kuyathibitisha moja moja, haiwezekani tena kusikiliza kwa haki. Watu 40,000 hawakupata hata senti. Wale 5,228 walihojiwa na kuchujwa mmoja mmoja kabla ya malipo, na wapo wengi waliohojiwa ambao hawakuingia katika orodha. Kuchujwa kunauma, lakini orodha ndefu si lazima iwe na nguvu kuliko fupi.

Jambo jingine ni chungu zaidi. Mwaka wa 2003 ofisi ya Day ilichukua madai ya wanawake wapatao 650 wa sehemu za mazoezi waliosema wamenajisiwa na askari wa Kiingereza kwa miaka mingi. Polisi wa kijeshi wa Uingereza walichunguza mpaka mwaka wa 2006. Mwishowe walisema maandishi mengi katika vitabu vya polisi na rekodi nyingine yalionekana yametungwa baadaye, na hakuna askari hata mmoja aliyeshtakiwa. Mashirika ya haki yaliulaumu uchunguzi huo, kwamba ni jeshi lilikuwa likijichunguza lenyewe. Hilo ni kweli. Lakini oneni madhara yake: ukurasa mmoja wa uongo ukiingizwa kitabuni, kila mama aliyesema kweli anaonekana mwongo pamoja na aliyeuingiza. Wanaume wa kijiji wanaosema, "Tuongezeni majina, Mzungu ana pesa," wafikirie akina mama hao.

Hata wakili mwenyewe amepitia mahakama. Kwa sababu ya madai ya Wairaki dhidi ya jeshi la Uingereza, Day na wenzake wawili, pamoja na ofisi yao, walishtakiwa mbele ya baraza la nidhamu la mawakili. Mwaka wa 2017 baraza liliwaondolea lawama zote, na mwaka wa 2018 Mahakama Kuu ikakataa rufani dhidi ya uamuzi huo. Kuna Waingereza ambao mpaka leo hawataki kusikia jina lake. Kuwatetea wageni dhidi ya jeshi la nchi yako hakukupi marafiki wengi mtaani.

Mtu atasema, "Haya ni ya London, sisi tufanye nini na habari za London?" Kwanza, siku hizi si lazima kwenda mbali. Baada ya moto uliotokea Machi 2021 katika shamba la Lolldaiga huko Laikipia, wakati wa mazoezi ya jeshi la Uingereza, wenyeji walifungua kesi hapa hapa, na mwaka wa 2022 mahakama ya Nanyuki ilisema jeshi hilo linaweza kushtakiwa Kenya. Pili, hesabu ya siku ni ile ile kwa mwendesha boda boda, kwa mchuma chai na kwa fundi aliyeanguka kutoka kwenye jengo.

Kwa sheria yetu, aliyeumizwa kwa uzembe wa mtu au kampuni ana miaka 3 ya kufungua kesi. Kama aliyekuumiza ni Serikali, kwa mfano lori la Serikali au askari, muda ni miezi 12 tu. Wengi hawalijui hili na linawaua kimya kimya: wanangoja kesi ya polisi iishe kwanza, na wakati huo mwaka umepita. Kesi ya polisi na yako ya madai ni mbili tofauti, usingoje. Kwa ajali ya barabarani unahitaji abstrakti ya polisi, inayoonyesha gari na bima yake, na fomu ya P3 ikiwa imejazwa na daktari. Bima nayo lazima ijulishwe kwa maandishi kabla ya kesi au katika siku 30 baada ya kuifungua, la sivyo inaweza kukataa kulipa hata baada ya wewe kushinda.

Ukiumia kazini, sheria ni ile ya mwaka wa 2007, ambayo watu huiita WIBA. Hapo huanzi mahakamani. Unamwambia mwajiri, naye anapaswa kumjulisha Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku 7. Dai lako liwe limeingia kabla ya miezi 12. Mahakama ya Juu ilithibitisha njia hiyo mwaka wa 2019. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kuthibitisha uzembe, inatosha kwamba uliumia ukiwa kazini. Kwa mtu aliyelemaa kabisa na kwa kudumu, hesabu ni mshahara wa miezi 96. Wengi walio na vibarua hawaandikwi popote, kwa hiyo mwajiri anasema, "Simjui huyu." Basi hata ujumbe wa malipo ya kila wiki kwenye simu, usiufute.

Kuhusu pesa za wakili. Uingereza wakili anaruhusiwa kukubaliana nawe kwamba usiposhinda hulipi. Kenya, Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, haikubali mapatano ya wakili kulipwa ukishinda tu, wala wakili kununua sehemu ya kesi yako. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Tutagawana nusu kwa nusu ikitoka," huyo anakuonyesha karatasi isiyo na nguvu mbele ya sheria. Wakili halali anatoza ada iliyowekwa, anakupa risiti, na pesa za fidia zikija anakuonyesha ziliingia kiasi gani na alikata nini. Asiye na uwezo aulize juu ya Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya mwaka wa 2016.

Ninavyoona, kazi ya kikundi ni kuwa kama wale wa OSILIGI. Katibu awe na daftari moja la ajali za wanachama na jamaa zao. Aandike tarehe, saa, mahali, namba ya gari au jina la kampuni, hospitali, namba ya OB, na majina ya mashahidi wawili pamoja na simu zao. Aandike siku ile ile, kwa wino, wala asirudi kurekebisha baadaye. Akikosea, apige mstari mmoja na kutia sahihi kando. Kadi za hospitali zitolewe kopi mbili, moja ibaki kwa mweka hazina. Nyumba za nyasi huungua na panya hawajui kusoma.

Na kabla ya kutia sahihi au kidole popote, mtu aulize namba ya wakili huyo katika Chama cha Mawakili cha Kenya, LSK, ambacho kina orodha ya walio na leseni ya mwaka huo. Wakili akila pesa za mteja, malalamiko yapelekwe kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, iliyo chini ya Mwanasheria Mkuu. Barua yaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Pelekeni kopi za karatasi zenu, na zile zenyewe zibaki nyumbani.